Swali la Ukurasa wa Mwisho

Asubuhi ile dada mmoja alikuwa anapiga pasi gauni lake la bluu, lile lenye vifungo vyeupe mbele, umeme ukakatika. Upande wa kulia ulikuwa umenyooka vizuri. Upande wa kushoto ulikuwa bado umejikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Akasubiri, umeme haukurudi. Mama yake, fundi cherehani, alimwangalia juu ya miwani akasema, "Tembea ubavu ubavu, mwanangu. Watu waone upande mmoja tu."

Basi akatoka hivyo hivyo, mkoba begani, ubavu ubavu.

Duka la kuchapisha lililotazamana na geti la chuo lilikuwa limefurika. Kesho yake kulikuwa na mkutano wa watafiti, na kila mtu alitaka bango lake litoke leo. Mashine kubwa ilikuwa moja tu, inanguruma huku inatema karatasi pana zenye joto, na feni ya juu ilikuwa inazungusha harufu ya wino na jasho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la kijani limechomekewa, viatu vinang'aa. Lakini mikono yake. Kuanzia viganjani mpaka kwenye viwiko ilikuwa imejaa vipele vyekundu. Dada wa watu akarudi nyuma hatua moja kimyakimya.

Kijana akafunua bango lake kulikagua. Hapo ndipo dada aliposahau vipele.

"Hii grafu yako inadanganya."

Siyo kwamba alikuwa mtu wa kuongea na wasiomjua. Kwa kawaida hata chenji ya nauli alidai kwa kunong'ona. Lakini alikuwa mtakwimu pale chuoni, kazi yake kuwafanyia watafiti hesabu zao, na grafu mbaya ilikuwa inamwasha kama upupu. Ofisini walimwita Hesabu, maana hata sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa kidole.

"Samahani?" kijana akageuka.

"Namba zako hazijaanzia sifuri. Tofauti ndogo inaonekana kama mlima."

"Dada, umekuja kuchapisha au kuhukumu?"

"Kuchapisha. Kuhukumu natoa bure."

Foleni ikacheka. Kijana akamwangalia kuanzia kichwani kushuka chini, macho yakakwama kwenye gauni.

"Na hilo gauni je? Upande mmoja una umeme, mwingine hauna."

Akajikuta anacheka mpaka akajifunika mdomo kwa mkoba. "Na wewe hiyo mikono?"

"Mbu. Nawafuga maabara, natafiti dawa za vyandarua. Inabidi wale, na chakula chao ni mimi."

"Wenzako wanafuga kuku."

"Kuku hana mapenzi ya kweli. Mimi wangu wananipenda mpaka damuni."

Akatoka kwenye foleni kwenda kuirekebisha grafu yake, akapoteza zamu. Hesabu alichapisha lake, likakunjwa, likafungwa kwa mpira. Hakuwa na sababu yoyote ya kuendelea kusimama pale. Akasimama.

Wenzake kijana walikuwa wanamwita Bwana Mbu, na yeye Hesabu akamwita hivyo hivyo. Penzi likaanza hivyo, kwa maneno ya kuchokozana. Simu ilikuwa inalia jioni mama mtu akiwa anakunja vitambaa, na mama anajifanya hasikii.

"Hesabu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeliwa?"

"Leo wamenila mkono wa kushoto. Wa kulia nimekutunzia wewe ushike."

"Uache uongo."

"Haya niambie, unanipenda asilimia ngapi?"

"Siwezi kusema. Sampuli bado ndogo. Nakuona Jumamosi tu."

"Basi niongeze siku."

"Ongeza."

Na akaongeza kweli. Akawa anapita nyumbani na matunda ya mama, anafunga vifungo vya foronya alizoshona mama, anauliza habari za cherehani kama za mgonjwa. Mama akaanza kumwita mkwe kabla hajaombwa. Mama mdogo, ambaye alikuwa na mdomo usio na pazia, akawa anauliza waziwazi, "Huyu mtoto wa mbu anatuoa lini?"

Sasa, kazi ya Bwana Mbu ilikuwa imefika pazuri. Vyandarua vyake vilikuwa vinaua mbu hata baada ya kufuliwa na kufuliwa tena. Profesa, msimamizi wake, alikuwa anamwita "kijana wangu" mbele za watu. Siku moja, wakiwa kantini na sahani moja ya viazi katikati, akampa Hesabu namba zake aziangalie, yaani kwa kujisifu tu. Hesabu akaangalia. Akaacha kula.

"Hawa waliokufa wengi, vizimba vyao vilikaa wapi?"

"Kwenye rafu."

"Rafu ipi?"

Wakaenda kuangalia. Chumba cha mbu kilikuwa na fukuto na harufu ya pamba iliyolowa maji ya sukari, na ule mlio mwembamba unaokufanya ujikune kabla hujaumwa. Hesabu akapandisha kiganja kwenye rafu ya juu, ile ya dirishani, jua la mchana likiwa limejibandika kwenye kioo. Akashusha mkono haraka.

"Weka wako," akasema.

Kijana akaweka. Akauacha pale kwa muda, uso ukimshuka.

"Hawakuuawa na dawa," Hesabu akasema polepole. "Waliuawa na jua."

Bwana Mbu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kazi yote ile. Hesabu akachuchumaa mbele yake na gauni lake safi, pale pale kwenye sakafu yenye maji.

"Tunaanza upya, mpenzi. Vizimba vizunguke, kila siku vihame sehemu. Na wewe usijue kipi kina chandarua kipi, mimi ndiye nitakayejua. Mtu anayetaka jambo liwe, macho yake humsaidia kuliona."

Wakaanza upya. Mpango mzima wa jaribio ulikuwa wa Hesabu: yeye alipanga, yeye alizungusha, yeye alikokotoa. Bwana Mbu alipopata mafua mazito akalala ndani, Hesabu ndiye aliyeingia chumba cha mbu, akakunja mkono wa gauni, akawapa chakula. Mbu wa maabara hawana ugonjwa, lakini midomo wanayo. Jioni ile alimpigia.

"Wanao wananisalimia kwa meno."

"Pole, mama watoto."

"Nani kakwambia mimi mama watoto?"

"Umeshanyonyesha. Huna pa kukimbilia."

Na jibu lilipotoka lilikuwa kinyume kabisa na lile la kwanza. Dawa ilikuwa inaisha mapema, mapema mno kuliko watu walivyoamini. Jambo la watu kuambiwa, maana kuna mama anafua chandarua, anakianika, anakifunga juu ya mtoto wake na kulala akijua amelinda, kumbe ametundika kitambaa tu.

Wakaandika makala ya kupeleka kwenye jarida. Walikuwa wanaandikia kwenye benchi nyuma ya kantini, bega kwa bega, wanagombania kompyuta. Siku ile walipofika kwenye majina, Hesabu alikuwa mzito kidogo.

"Nikwambie kitu? Mimi chuo hiki chote kimeshanishukuru. Nawafanyia watu hesabu, wananiweka nyuma kabisa, pale kwenye shukrani. Tunamshukuru fulani kwa ushauri wa takwimu. Shukrani zangu zingekuwa matofali, mama angekuwa anaishi ghorofani."

"Hapa hukai nyuma. Unakaa mbele, wa pili, ubavuni kwangu. Hata uzeeni tutakaa hivyo hivyo."

"Na nyuma je, hutanishukuru hata kidogo?"

"Haiwezekani. Mwandishi hajishukuru mwenyewe. Ukiwekwa mbele, nyuma unafutwa. Ndiyo sheria."

"Basi nifute."

Akamwambia na lile jingine, ambalo hata mama alikuwa hajaambiwa vizuri. Kulikuwa na nafasi ya kusomeshwa shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa, nafasi ambayo alikuwa anaitolea macho tangu amalize masomo. Vigezo vyote alikuwa navyo, isipokuwa kimoja: lazima uwe na makala iliyochapishwa, na jina lako liwe mbele miongoni mwa waandishi. Maombi yalikuwa yanakaribia kufungwa.

"Itatoka kabla," Bwana Mbu akasema, akambusu kwenye kipele kimoja cha mkono. "Niachie mimi."

Akamwachia.

Makala ilitoka. Bwana Mbu alimpigia akiwa anahema, akasema asiitafute popote, anamletea mwenyewe Jumapili, imechapishwa kwenye karatasi, awepo mama na mama mdogo. Mama alitoka mbio kununua fremu yenye kioo, akapigilia msumari ukutani juu ya cherehani kabisa, akawaambia majirani kwamba jina la binti yake limeingia kwenye kitabu cha dunia.

Bwana Mbu alikuja na suti ya kijivu na tai nyekundu iliyomkaba, bahasha ya kaki mkononi. Hesabu alikuwa amevaa lile gauni la bluu, safari hii limepigwa pasi pande zote mbili. Alimkalisha. Soda zikafunguliwa. Kijana akatoa karatasi.

"Anzia nyuma," akasema. "Ukurasa wa mwisho."

Nani anaanzia nyuma? Hesabu akaangalia mbele.

Jina la kwanza, la Bwana Mbu. La pili, la mkuu wa idara, ambaye chumba cha mbu hakijui hata mlango. La tatu, la bwana mmoja wa utawala aliyekuwa anasaini mafuta ya gari. La mwisho, la Profesa. Akarudia kwa kidole. Akageuza karatasi, akageuza tena, kama mtu aliyeingia nyumba siyo yake.

"Nyuma, mpenzi," kijana akasisitiza, anatabasamu.

Akaenda nyuma. Chini ya shukrani iliandikwa: Mwandishi wa kwanza anamshukuru Hesabu wake, kwa subira na kwa takwimu, na anamuuliza mbele ya wasomaji wote: utakubali kuwa mke wangu?

Mama mdogo, aliyekuwa anachungulia begani, akapiga makofi. Bwana Mbu akatoa kijisanduku mfukoni. Kisha makofi yakapungua, yakaisha yenyewe, maana Hesabu alikuwa bado ameinamia karatasi, na tone lililodondoka juu yake halikuwa la furaha.

"Jina langu liko wapi?"

"Si hilo hapo, mpenzi."

"Hili ni la utani. Hata kwenye cheti halipo. Nauliza jina langu."

Akainuka akatoka nje, kijana nyuma yake, wakasimama kwenye ngazi za mlango ambako mama alikuwa ameanika vitambaa.

"Nisikilize," Bwana Mbu akasema. "Profesa aliniita. Akaniuliza, huyu wa pili siyo mchumba wako? Akasema watu watasema umempa jina kwa mambo ya chumbani, na makala yote itadharaulika. Nikaogopa watakuchafua. Nikaona nikuweke mahali pa heshima, mahali hakuna mtu atakayekugusa. Halafu nikaona, si ndiyo nafasi ya kukuuliza lile la moyoni."

"Ungeniuliza kwanza."

"Isingekuwa tena jambo la kukushtukiza."

Hesabu akafuta uso kwa mkono wa gauni. Sauti yake ilikuwa ndogo, ile ya kudaia chenji ya nauli.

"Yaani uliweza kuniuliza ndoa mbele ya dunia nzima, ukashindwa kuniuliza jina langu likae wapi tukiwa wawili."

"Kutakuwa na makala nyingine."

"Maombi yanafungwa mwezi huu. Nilikwambia. Kwenye benchi, nilikwambia."

"Nilidhani watakubali hata shukrani..."

"Bwana Mbu. Wewe mtafiti. Mimi nilipodhani ni jua, niliweka mkono. Wewe usiniambie ulidhani."

 Upepo ukawa unapiga vitambaa vya mama.

"Nenda," Hesabu akasema. "Usinipigie mpaka jina langu likae mahali pake."

Ndani, mama alijaribu. "Mwanangu, aliyekosea kwa kupenda si sawa na aliyekosea kwa chuki."

"Mama, kupenda hakukumzuia kumwandika wa mafuta ya gari."

 Fremu ikabaki ukutani, kioo kitupu, inaonyesha ukuta.

Bwana Mbu alipiga mara moja tu baada ya pale, simu ya mchana, sauti imekauka.

"Najua ulinikataza. Nimeuliza jarida. Marekebisho yanawezekana, lakini waandishi wote lazima wakubali. Profesa hataki kusikia. Na yeye ndiye ameshika shahada yangu."

"Kwa hiyo?"

 Nyuma ya simu alisikia mlio wao, wale mbu.

"Nipe muda, Hesabu."

"Muda ndio sina."

Akakata, akakaa na simu kifuani. Alituma maombi yake hivyo hivyo, bila makala. Jibu lilikuja la adabu sana, lile la kumtakia kila la heri. Mwezi uliofuata akaacha kazi chuoni, akaajiriwa kampuni ya bima, anakokotoa ajali za magari. Mshahara ulikuwa mzuri, viti vilikuwa vinazunguka, na hakuna mtu aliyemshukuru kwa lolote.

Lakini moyo haupigwi pasi ukanyooka. Mbu akitua ukutani, mama ananyanyua ndala, Hesabu anasema, "Mwache." Mama anashusha ndala bila kuuliza. Siku moja alipita lile duka la kuchapisha kutoa nakala za bima, mwenye duka akamkumbuka.

"Dada wa grafu. Yule kaka yako wa mbu alikuja juzi. Siku hizi namba zake zote zinaanzia sifuri. Nikamwambia mbona milima imekwisha, akasema alikatazwa na mwenyewe."

Hesabu akachukua nakala zake, akasahau kuchukua za asili.

Mwaka ulikuwa umegeuka aliposhtukia ujumbe kwenye barua pepe yake, kutoka kwa wale wa jarida. Waandishi wanaomba jina lake liongezwe. Je, anathibitisha kwamba alishiriki kupanga jaribio, kukokotoa na kuandika? Alisoma akiwa amesimama, wenzake wa bima wakidhani kapata msiba. Akathibitisha. Kisha akampigia karani wa Profesa, mama mmoja mcheshi waliyekuwa wakila naye pamoja.

"Hukusikia?" karani akasema. "Alisimama kwenye kikao cha idara, wakubwa wote wamekaa. Akasema, lile jaribio la kwanza langu lilikuwa bovu, aliyeligundua na kupanga la pili hayumo kwenye majina, nami ndiye niliyemtoa. Akasema ama mnakubali marekebisho, ama naliandikia jarida peke yangu niseme yote. Wakasaini, shingo upande. Profesa akamtema siku ile ile. Shahada imekatikia njiani."

"Yuko wapi?"

"Kahama mji. Kapata kibarua cha kukagua madimbwi, huko huko kwa mbu wake. Aliaga watu wote, mwanangu. Mlangoni pangu alisimama kama anataka kuniachia neno. Hakuniachia."

Makala iliyorekebishwa ilifika Jumamosi. Hesabu aliichapisha lile lile duka, akaibeba nyumbani kifuani. Jina la kwanza, la Bwana Mbu. La pili, lake, jina zima, lake na la baba yake na la babu yake, ubavuni kwa lile la kwanza, hakuna mtu katikati. Mama alivaa miwani akalisoma kwa sauti, akalirudia, kisha akaufungua mgongo wa fremu kwa mkasi wa cherehani, akaingiza ule ukurasa wa kwanza, akaurudisha ukutani. Akaenda kuita majirani.

Hesabu akabaki na kurasa nyingine mkononi. Alisubiri simu. Si alimwambia asipige mpaka jina likae mahali pake? Limekaa. Alisubiri mchana, mpaka majirani wakaja, wakaangalia ukuta, wakampongeza, wakaondoka. Simu haikulia.

Ndipo akafunua ukurasa wa mwisho.

Shukrani zilikuwepo. Waandishi wanawashukuru wafagiaji wa chumba cha mbu, na wote waliotoa mikono yao. Basi. Chini yake palikuwa peupe. Alipapasa pale peupe kwa kidole, pale swali lilipokuwa. Alijua sheria. Mwandishi hajishukuru, ukiwekwa mbele nyuma unafutwa, na ni yeye mwenyewe aliyesema, kwa mdomo wake, kwenye lile benchi: nifute. Alichokuwa hajui ni kama waliolifuta ni wale wa jarida, kwa kufuata sheria, au ni mkono wa aliyeliandika.

Akachukua simu. Akaandika, akafuta. Akaandika maneno mengi ya kuomba radhi na kueleza, akayafuta yote. Mwisho akabakiza haya:

"Jina langu nimeliona limekaa vizuri. Asante, Bwana Mbu. Ila lile swali la ukurasa wa mwisho sikuwahi kulijibu, na sasa silioni. Bado lipo?"

Akatuma. Alama moja ikatokea, halafu ya pili. Baada ya kitambo zote mbili zikageuka bluu: ameusoma.

Akaiweka simu kwenye meza ya pasi, kioo juu. Mama yake aliangalia simu, akamwangalia binti yake, akaondoa mguu kwenye cherehani, mlio wake usije ukafunika mlio mwingine.